Unguja haianzi ufukweni: uzi kwa wanaotaka kuujua mji kabla ya mchanga

Msafiri Taratibu (mleta uzi)

Ndugu zangu, wiki iliyopita nilirudi kutoka Unguja baada ya kukaa siku kumi na moja, na hiyo ilikuwa mara yangu ya tano kuvuka. Naandika kwa sababu karibu kila anayeniomba ushauri wa safari huniuliza hoteli ipi ya Nungwi au Paje ni nzuri, na Mji wa Zanzibar wenyewe huupa usiku mmoja, au saa mbili za kusubiri boti, kana kwamba ni stendi ya kubadilishia gari. Mara ya kwanza nami nilifanya hivyo, na hadi leo najuta. Ninachoshauri ni kwamba anayetaka kukijua kisiwa aanze mjini, akae huko siku tatu au nne, kisha ndipo aende ufukweni, na huko ufukweni apange siku zake kwa kufuata maji ya bahari. Nitaeleza sababu zangu kwa kirefu, na wenyeji wanisahihishe nitakapokosea.

Tuanze na jina. Wengi husema "kisiwa cha Zanzibar", lakini Zanzibar ni visiwa vingi, na viwili kati ya hivyo ni vikubwa, Unguja na Pemba. Mji mkuu uko Unguja, upande wa magharibi unaotazama Bara. Kisiwa hiki kina urefu wa kilomita zipatazo 85, na kutoka mjini hadi Nungwi, ncha ya kaskazini, ni kama kilomita 60 za barabara. Kwa hiyo anayeogopa kwamba akikaa mjini ataukosa ufuke hana sababu ya kuogopa, kwa kuwa hakuna ufuke ulio mbali kiasi cha kumpotezea siku nzima njiani.

Mji Mkongwe umesimama juu ya rasi yenye umbo la pembetatu. Zamani mkono wa bahari uliingia kwa nyuma na kuutenga na upande wa mashariki, hata maji yalipojaa mji ulikaribia kuwa kisiwa peke yake. Daraja lililovuka mkono huo ndilo lililoacha jina la Darajani, na waliokaa upande wa pili wakawa watu wa Ng'ambo. Mkono wenyewe ulifukiwa katika karne ya 20, na leo juu yake inapita Barabara ya Benjamin Mkapa. Nilipolijua jambo hili, soko la Darajani halikuwa tena soko tu kwangu, kwa sababu nilikuwa nimesimama ukingoni mwa maji ambayo hayapo, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mitaa ya upande mmoja inajikunja na kubanana ilhali ya upande wa pili imepanuka.

Ushauri wangu wa kwanza wa vitendo ni kutoka asubuhi, kabla ya saa moja na nusu, wakati mitaa bado ina baridi na maduka ya vinyago hayajafunguliwa. Utawaona watoto wakienda chuoni kusoma Kurani na wengine skuli, wanawake wakinunua boflo na vitumbua, na wazee wakiwa barazani na vikombe vidogo vya kahawa chungu. Baraza zile za mawe zilizojengwa sambamba na kuta za nyumba si pambo. Ndipo habari inapopita kutoka nyumba hadi nyumba, ndipo mnunuzi na muuzaji wanapoketi, na mvua kubwa ikinyesha ndipo mtu anapopita ili asitumbukie katika maji yanayotiririka uchochoroni. Ukiwapita wazee pale, salimia kwanza. Mimi nilisema "Shikamooni wazee wangu" na kuombwa niketi, na mazungumzo ya nusu saa yalinipa kuliko yote niliyoyapata kwa kulipia.

Usiogope kupotea. Mji ni mdogo, na ukienda mbele bila kukata tamaa utatokea ama baharini ama Darajani. Tazama milango unapokwenda. Iliyo bapa kwa juu, yenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye kizingiti cha juu, kwa kawaida ni ya mtindo wa Kiarabu, na iliyopinda kama upinde juu, yenye njumu za shaba, imeathiriwa na mafundi wa Kihindi. Ukiichunguza kwa karibu utaona samaki, minyororo na mauwa ya yungiyungi yaliyochongwa pembeni. Sokoni Darajani, ambako jengo lake kuu lilifunguliwa mwaka 1904, pita upande wa samaki mapema wakati wa mnada, kisha upande wa mboga, na ukisikia "tungule" ujue ni nyanya, na "mbatata" ni viazi. Msimu ukiwadia, tafuta shokishoki na doriani, matunda ambayo sehemu nyingi za Bara hayaonekani kabisa.

Mahali ambapo sitaki mtu apite haraka ni Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa, ambalo Sultani Barghash bin Said alilifunga mwezi Juni mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza. Misheni ya Kianglikana ilijenga kanisa mahali hapohapo, na Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wake, ndiye huyohuyo aliyetunga mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya sarufi ya Kiswahili. Kaburi lake liko ndani, nyuma ya madhabahu. Uani kuna shimo, na ndani yake sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Uswidi Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Nilikaa pale karibu saa nzima bila kupiga picha hata moja. Kilichonielemea ni hesabu ya miaka, kwa maana soko lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria kisiwani hadi mwaka 1897. Mtoto aliyezaliwa utumwani siku soko lilipofungwa angeweza kukaribia miaka 24 akiwa bado mali ya mtu mwingine.

Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kusema mji kwanza. Wageni wengi hupelekwa katika ziara za viungo huko Kizimbani au Kidichi, wakanusishwa mdalasini, hiliki na karafuu, wakavishwa kofia za majani ya mnazi na kurudi wakifurahi. Ziara ni nzuri, nami siikatazi. Lakini mikarafuu ilienea Unguja katika karne ya 19 kwa mikono ya watumwa, wakati Sayyid Said bin Sultan alipokuwa amehamishia makao yake huku kutoka Muscat, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki na sehemu kubwa ya zao hilo hadi sasa. Anayepelekwa shambani bila kupita Mkunazini anaonyeshwa karafuu bila kuambiwa nani alizipanda.

Jioni, kila mtu huelekea Forodhani, nami sioni kosa. Bustani ile ilifunguliwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa, na ilikarabatiwa upya mwaka 2009 na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Kula urojo, mishikaki na juisi ya miwa, na kwa samaki na kamba uliza bei kabla chakula hakijapakuliwa, kwa sababu sahani hujazwa haraka na hesabu huja mwishoni. Kabla ya hapo tazama vijana wakiruka baharini kutoka ukutani wakati wa magharibi. Nyuma yako kuna Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kuwaondoa Wareno, na karibu nayo Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, la kwanza mjini kuwa na umeme na lifti. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya jumba hilo iliporomoka na watu wawili wakafariki. Nilikuwa nimepanda hadi roshani yake miaka michache kabla ya hapo. Kulitazama sasa huniumiza kama kumtazama mzee wa ukoo aliyepata kiharusi.

Kuhusu papasi, wale vijana wanaomfuata mgeni kutoka bandarini hadi mlangoni mwa nyumba ya wageni, nina jambo langu. Mara ya kwanza nilimlipa mmoja wao fedha zote za ziara ya siku ya pili, akaniandikia risiti nzuri, na asubuhi hakutokea. Tangu hapo silipi kamili kabla ya safari, na muongoza watalii namwomba kitambulisho chake. Lakini wapo pia vijana waaminifu wanaoishi kwa kazi hiyo, kwa hiyo "hapana, ahsante ndugu yangu" iliyosemwa kwa upole mara moja inatosha, bila kuwafokea.

Sasa nije ufukweni, kwa maana hapa ndipo wengi hukasirika bila sababu. Rafiki yangu alikwenda pwani ya mashariki, akafika saa tano asubuhi, akakuta bahari imeondoka. Mbele yake kulikuwa na mchanga, madimbwi, miamba na wanawake wakiinama mbali sana. Alidhani amedanganywa na picha. Ukweli ni kwamba pwani yote ya mashariki, kutoka Matemwe hadi Jambiani, ina uwanda mpana wa kina kifupi unaokingwa na mwamba wa matumbawe, na maji yanapopwa uwanda huo hubaki mtupu kwa mamia ya mita, na mahali pengine zaidi ya kilomita. Nungwi na Kendwa kule kaskazini kina kinaanza karibu, kwa hiyo mtu huogelea karibu wakati wowote. Asiyejua tofauti hii huchagua hoteli kwa picha, kisha huilaumu bahari.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua linapokuja, maji yakajaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini inaweza kufika mita nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hupungua sana. Jambo lililonisaidia kuliko yote ni hili: katika siku za bamvua, Unguja maji hupwa kabisa yapata saa nne asubuhi, na kujaa yapata saa kumi jioni, na katika siku za maji mafu mambo hugeuka, asubuhi bahari imejaa. Kwa hiyo siku za bamvua asubuhi ni za kutembea mwambani na jioni ni za kuogelea. Vaa viatu ukiingia mwambani, kwa kuwa wapo viumbe wenye miiba mirefu myeusi ambayo ikikatikia mguuni utalala nayo.

Kwa leo niishie hapo, maana msitu wa Jozani na kijiji cha Kizimkazi nitavitaja mkiuliza.

Mkaazi wa Ng'ambo

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa heshima uliyouonyesha mji wetu, na mengi uliyoyasema ni sawa. Lakini naomba uniruhusu kupinga kwa adabu. Umesema "mji kwanza", kisha maelezo yako yote yakaishia Mji Mkongwe, na Ng'ambo ukaitaja kama asili ya jina tu. Wakaazi wengi wa mji huu hawaishi katika mitaa ile yenye milango ya kuchongwa. Tunaishi Ng'ambo, Kikwajuni, Michenzani, Mwembetanga, Mikunguni, na watu waliohamia kutoka Mji Mkongwe nyumba zilipogeuzwa hoteli wapo huku kwetu.

Mgeni akivuka barabara kwa dakika kumi tu ataona majumba marefu ya Michenzani, yaliyopangwa katika safu nne zinazokutana kwenye mzunguko wa barabara, yakianzishwa chini ya Mzee Karume kwa msaada wa mafundi wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Mtu akiyapenda au asiyapende, hayo ndiyo majibu ya swali la nani alikuwa na haki ya nyumba ya mawe na nani alikaa katika nyumba ya udongo na makuti. Huwezi kusema umeuona mji uliozaa Mapinduzi ukiwa umekaa upande mmoja wa daraja.

Huku ndiko pia muziki ulikokua. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kuja mjini akiuza vyungu, aliishi na kuimba Ng'ambo kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na sauti yake ilifungua njia ya taarabu kuimbwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu. Akitaka kusikia taarabu, mgeni asitosheke na ile ya saa ya chakula cha jioni hotelini. Aulizie mazoezi ya vikundi vya zamani, kwa mfano Nadi Ikhwan Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, au Culture Musical Club, na akija kwa heshima atakaribishwa aketi.

Msafiri Taratibu

Ndugu Mkaazi, umenisahihisha kwa haki, na sina la kujitetea. Katika siku zangu kumi na moja nilivuka kwenda Michenzani mara mbili tu, na mara zote mbili nilikuwa nikitafuta daladala. Ulichokisema kuhusu nani alikaa wapi kinaikamilisha hoja yangu ya karafuu, kwa sababu historia ileile iliyoanzia shambani iliishia katika ramani ya mji. Nitakaporudi nitaomba kulala upande wa Ng'ambo.

Mama Wawili

Assalaam alaykum nyote. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka sita na tisa, na tunapanga kuja kwa mara ya kwanza. Nina maswali matatu. Kwanza, ni wakati gani wa mwaka ulio mzuri kwa bahari, kwa kuwa binti yangu huugua sana kwenye boti? Pili, mavazi na mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa mume wangu si Mwislamu na hataki kumkosea mtu. Tatu, tumeambiwa kwamba pomboo wa Kizimkazi hawakosekani na kwamba watoto wanaweza kuruka majini kuogelea nao. Je, ni salama?

Msafiri Taratibu

Wa alaykumu salaam dada yangu. Kuhusu wakati, kisiwa kinaongozwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kukiwa na joto, na bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja mara nyingi ni tulivu zaidi. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba, na katika Juni, Julai na Agosti hali ya hewa ni ya kupendeza nchi kavu lakini mawimbi ya mkondo huwa makubwa. Masika ya Machi hadi Mei ni mvua nzito na baadhi ya hoteli hufungwa. Boti ya kasi huchukua karibu saa mbili, na kwa binti anayeugua ningechagua safari ya asubuhi mapema, nyuma ya boti karibu na katikati, au ndege, ambayo ni dakika 20 hivi angani. Njooni na vitambulisho, kwa kuwa Zanzibar hukagua abiria hata wanaotoka Bara. Kama katika msafara wenu yupo mwenye pasipoti ya kigeni, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wa aina hiyo hutakiwa kukata bima ya Zanzibar ya dola 44 kabla ya kuingia, hata kama wana bima nyingine.

Mavazi: ufukweni mbele ya hoteli hakuna anayekuuliza, lakini mjini na vijijini mabega na magoti yafunikwe, mwanamume na mwanamke pia. Katika Ramadhani asile, asinywe wala kuvuta sigara hadharani mchana. Migahawa mingi ya wenyeji hufungwa hadi magharibi, na ya hoteli huhudumia wageni ndani. Wengi huukimbia mwezi huo, lakini mimi niliwahi kuwa pale, na usiku wa Ramadhani mjini, baada ya tarawehe, mitaa ikiwa imejaa watoto na harufu ya vyakula vya kukaanga, ni kitu ambacho siwezi kukisahau. Familia yenye watoto wadogo ijipange tu kwa chakula cha mchana.

Swali la tatu nitalijibu kwa uwazi. Pomboo wa Kizimkazi wanaishi katika Ghuba ya Menai, kwa hiyo kuwaona ni rahisi, na hilo ndilo tatizo lao. Asubuhi moja nilihesabu boti kumi na nne zikimzunguka pomboo mmoja na mtoto wake, injini zikinguruma, na watu wakirushwa majini mbele yao kila walipoibuka. Walizama na kukimbia, na boti zikawafuata. Sikuruka, na niliomba nahodha aturudishe. Ukienda, chukua nahodha atakayekubali kuzima injini na kukaa mbali, na watoto wabaki ndani ya boti. Mkiwa Kizimkazi, nendeni Dimbani kuuona msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107. Ukuta huo umesikia swala kwa zaidi ya miaka mia tisa, na nilikuta tulikuwa wageni wawili tu.

Njiani pitieni Jozani. Kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe usoni, kiasili hapatikani popote duniani isipokuwa Unguja. Hula majani mengi yenye sumu kidogo, na wale wanaoishi karibu na mashamba huokota mkaa wakautafuna, jambo linalowapunguzia madhara ya majani hayo. Kaeni mbali nao hata wakiwasogelea.

Fundi Chokaa

Nimefanya kazi ya ukarabati katika Mji Mkongwe kwa miaka mingi, na ningependa kuongeza jambo kuhusu majengo, kwa sababu wengi hulaumu uzee peke yake yanapoanguka. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Boriti nzuri haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kupinda, ndiyo maana vyumba vya mjini ni vyembamba na virefu. Aliyeijenga nyumba alianza na mti aliokuwa nao.

Chokaa huruhusu unyevu kutoka. Mtu anapokuja na saruji kwa nia njema na kuupiga lipu ukuta wa zamani, unyevu unabaki ndani, chumvi inaula ukuta, na ncha za boriti zilizochomekwa humo huoza bila kuonekana. Paa likivuja kwa masika mawili bila kutazamwa, kazi imekwisha. Mji uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini orodha haizibi paa. Mgeni anaweza kusaidia kwa njia ndogo: akilala katika nyumba ya zamani aulize imekarabatiwa kwa kitu gani, kwa chokaa au kwa saruji. Wenye nyumba wakianza kuulizwa hivyo, mafundi wa chokaa tutapata vijana wa kuwarithisha kazi. Akitaka kuona kazi iliyofanywa vizuri, asimame mbele ya Zahanati ya Kale pale Malindi, aliyoianzisha mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887, atazame roshani zake za mbao zilizokatwa kama lesi, kisha atazame jengo la jirani.

Mwana wa Jambiani

Mleta uzi ameeleza maji kama mtu aliyekaa na wavuvi, nami namshukuru. Naomba nizungumze kuhusu wale wanawake "wanaoinama mbali sana", kwa kuwa mmoja wao ni mama yangu. Wanalima mwani. Kilimo hiki kilianza kwetu kibiashara mwaka 1989, na tangu hapo kimekuwa mikononi mwa wanawake. Hupigilia vigingi mchangani, wakafunga kamba, na kwenye kamba wakafunga vipande vya mwani ambavyo hukua kwa wiki sita hivi. Kazi yote hufanywa maji yakiwa yamepwa, kwa hiyo bamvua kwa mama yangu ni siku za shamba, si siku za picha. Aina ya mwani iliyokuwa na bei nzuri imekuwa ikifa katika kina kifupi kwa sababu maji yamezidi joto, na waliobaki wanavuna aina yenye bei ndogo.

Ombi letu kwa wageni ni dogo. Msikanyage kamba, msivute mwani ili kuutazama, na msipige picha ya mtu aliyeinama majini bila kumwita na kumsalimia. Salamu "Hujambo mama, kazi inakwendaje?" itampa nafasi ya kunyoosha mgongo, na mara nyingi atakuonyesha mwenyewe anachofanya. Sabuni na mafuta ya mwani yanayouzwa na vikundi vya wanawake hapa kijijini na Paje huwapa zaidi kuliko mwani mkavu.

Mama Wawili

Nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Tumeamua kulala mjini usiku nne, mmoja wao Ng'ambo kama tutapata, kisha Jambiani usiku tano. Kaka wa Jambiani, tutafika kwenu siku ya tatu baada ya mwezi mpevu. Watoto waogelee saa ngapi?

Mwana wa Jambiani

Karibuni sana, dada. Siku hiyo ya tatu bahari itakuwa imejaa alfajiri, na itapwa kabisa yapata saa sita mchana, kwa hiyo waogelee mara baada ya kuamka, na kuanzia saa nne muwapeleke mwambani na viatu vyao wakaone kaa na samaki wadogo madimbwini. Ikifika saa saba mrudi, msingoje, kwa sababu maji yakianza kurudi hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu. Kila siku itakayofuata ongezeni kama dakika 50. Siku yenu ya mwisho itakuwa siku ya saba, mwezi nusu, maji mafu, na bahari itajaa kati ya saa tatu na saa nne asubuhi bila kwenda mbali siku nzima. Hiyo wachezee majini hadi adhuhuri. Siku yenu ya pili, njooni shambani na mama yangu, atakuwa huko tangu saa nne, upande wa kusini wa kijiji, na nimeshamwambia.